Sydney Ringer, daktari aliyetupatia maji ya dripu

Ukiingia wodi ya watoto, hasa wakati magonjwa ya kuharisha yamezidi, utaona chupa na mifuko ya maji imetundikwa juu ya vitanda. Nyingi zimeandikwa jina moja: Ringer. Wauguzi hulitaja kutwa nzima, na akina mama wengi wamelizoea kama jina la dawa tu.

Lakini Ringer ni jina la mtu. Alikuwa daktari, mume na baba, na yeye pia alimzika mtoto wake. Hapa tunasimulia maisha yake, kwa sababu ukielewa alichogundua utaelewa kwa nini mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvi na siyo maji matupu. Utaelewa pia kwa nini dripu huokoa mtoto mmoja na kumdhuru mwingine.

Utoto na masomo

Sydney Ringer alizaliwa katika miaka ya 1830 huko Norwich, mji ulio mashariki mwa Uingereza. Familia yao ilikuwa ya wafanyabiashara. Baba yao alifariki mapema, watoto wakiwa bado wadogo. Ndugu zake wawili walikwenda kutafuta riziki Asia, na mmoja wao, Frederick, akawa mfanyabiashara mkubwa katika bandari ya Nagasaki, Japani. Sydney yeye alichagua udaktari.

Mwaka 1854 alijiunga na chuo cha University College jijini London, akapata shahada yake ya juu ya udaktari mwaka 1863. Tangu hapo hakuhama. Hospitali ya chuo hicho ndiyo iliyokuwa mahali pake pa kazi maisha yake yote, mpaka alipostaafu mwaka 1900. Katika miaka ya 1860 alihudumu pia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, iliyokuwa bado changa. Kwa hiyo aliwajua watoto wagonjwa kwa kuwashika na kuwapima mwenyewe, siyo kwa kusoma vitabuni tu.

Mwaka 1869 alitoa kitabu kikubwa kuhusu dawa na matumizi yake. Kilipendwa na madaktari, kikachapwa upya zaidi ya mara kumi. Kwa watu wa wakati wake, umaarufu wa Ringer ulikuwa hapo: mwalimu wa matibabu, mwenye jicho kali kando ya kitanda cha mgonjwa.

Wanafunzi wake walimkumbuka kama mtu mpole, asiye na maneno mengi, na aliyejali saa kupita kiasi. Alikuwa na wagonjwa wodini, wagonjwa wake binafsi na wanafunzi wa kufundisha. Hata hivyo kila alipopata nafasi aliingia katika chumba kidogo cha utafiti chuoni, akafanya jaribio lake, kisha akarudi kwa wagonjwa. Hakuwa na mshahara wa utafiti. Aliiba muda katikati ya kazi, kama mama anayeteka maji huku uji uko jikoni.

Msiba nyumbani

Ringer alioa mke kutoka Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na familia ilipenda kwenda kupumzika huko katika kijiji cha Lastingham. Walijaliwa mabinti. Mmoja wao alifariki akiwa bado mtoto. Baba yake alikuwa miongoni mwa madaktari walioheshimiwa sana London, lakini hakuweza kumponya. Ringer aligharimia ukarabati wa kanisa la kale la kijiji kile kwa kumbukumbu ya binti yake.

Baada ya msiba huo aliendelea na kazi, na miaka michache baadaye akafanya majaribio yaliyolibakiza jina lake duniani.

Moyo wa chura na maji ya bomba

Ringer alitaka kujua jambo moja: ni kitu gani ndani ya damu kinachoufanya moyo uendelee kupiga? Alitumia moyo wa chura, kwa sababu moyo huo ukitolewa mwilini unaweza kuendelea kupiga kwa muda ukilishwa maji yanayofaa.

Alianza na maji yenye chumvi ya kawaida, ile tunayotia kwenye mboga. Moyo ulipiga vizuri kwa muda mrefu. Mwaka 1882 akachapisha matokeo yake, akiamini kwamba maji yale yalikuwa na chumvi ile tu na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiutunza moyo.

Kisha akagundua kosa. Alidhani chumvi ilikuwa ikiyeyushwa katika maji safi kabisa, yale yanayopatikana kwa kuchemsha maji, kukusanya mvuke na kuupoza. Kumbe maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba tu, ya jiji la London. Alipotengeneza upya mchanganyiko ule ule kwa maji safi kabisa, moyo wa chura ulidhoofika, na baada ya dakika 20 hivi ukasimama.

Mtu mwingine angenyamaza, au angemlaumu msaidizi wake. Ringer alijiuliza maji ya bomba yana nini ambacho maji safi kabisa hayana. Aliyachunguza akakuta yana kalsiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye mifupa, meno na maziwa. Alipoongeza kalsiamu kidogo kwenye maji safi yenye chumvi, moyo ukaanza kupiga tena kwa nguvu. Mwaka 1883 alichapisha makala nyingine na kueleza wazi kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa na kosa lilitoka wapi. Jina lake halikuharibika kwa kukiri huko. Mwaka 1885 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi chenye heshima kubwa nchini mwake.

Aliendelea kupima. Kalsiamu ikiwa peke yake na chumvi, moyo hukaza na kushindwa kulegea vizuri. Ukiongeza potasiamu kidogo, madini yanayopatikana kwa wingi kwenye ndizi na madafu, moyo hulegea na mapigo hukaa sawa. Potasiamu ikizidi, moyo husimama. Kwa hiyo moyo unahitaji sodiamu iliyo ndani ya chumvi, kalsiamu na potasiamu, kila kimoja kwa kipimo chake. Kikipungua au kikizidi, mapigo yanaharibika.

Mchanganyiko huo ndio ulioitwa maji ya Ringer.

Maji ya Ringer yana uhusiano gani na mwanangu?

Fikiria pampu inayosukuma maji kutoka kwenye tangi hadi kila chumba cha nyumba. Moyo ndio pampu, mishipa ndiyo mabomba, na damu ndiyo maji. Tangi likikauka, pampu hata ikiwa nzima haina cha kusukuma. Inazunguka kwa kasi, lakini bombani hakutoki kitu.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtoto aliyeharisha sana. Kila choo cha majimaji na kila tapishi hutoka na maji, sodiamu na potasiamu. Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita 1 tu, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hiyo ni hatari kubwa. Moyo huanza kupiga mbio ili kufidia. Mwili huipunguzia ngozi damu ili ubongo na moyo vipate, ndiyo maana mikono na miguu inakuwa baridi. Mkojo unapungua, kwa kuwa figo zinabana kila tone. Mwishoni hata ubongo unakosa damu ya kutosha, na mtoto analegea au anapoteza fahamu. Hali hii madaktari huiita mshtuko. Haina uhusiano na kuogopa wala kushtuka kwa habari mbaya. Maana yake ni kwamba damu haifiki tena kwenye viungo kwa kiasi kinachohitajika, na mtoto anaweza kufa katika muda mfupi.

Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Mtoto amepoteza maji pamoja na madini yake, kwa hiyo lazima virudi vyote.

Miaka ya mwisho na walioendeleza kazi yake

Ringer alistaafu mwaka 1900, akahamia Lastingham, kwenye kijiji chenye kumbukumbu ya binti yake. Alifariki huko tarehe 14 Oktoba 1910. Wakati huo maji yake yalikuwa yakitumika zaidi kwenye vyumba vya utafiti kuliko wodini.

Aliyeyafikisha kwa watoto ni daktari mwingine, Alexis Hartmann, wa mji wa St. Louis, Marekani. Yeye alitibu watoto wachanga waliokuwa wakifa kwa kuharisha. Aliona kwamba mbali na kukauka, damu yao ilikuwa imejaa asidi. Katika miaka ya 1930 aliongeza kitu kiitwacho lakteti kwenye maji ya Ringer. Ini hukibadilisha kitu hicho kuwa kinachopunguza asidi. Hayo ndiyo maji ya Ringer lakteti yaliyomo katika hospitali na vituo vyetu vya afya leo. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa maji kutokana na kuharisha hupewa hayo kwa mshipa, na mara nyingi hufumbua macho na kuomba kunyonya ndani ya saa chache.

Baadaye likaja jambo kubwa zaidi kwa wanaoishi mbali na hospitali. Watafiti waligundua kwamba sukari kidogo huusaidia utumbo kufyonza sodiamu, na maji hufuata, hata wakati mtoto anaharisha. Hapo ndipo ilipotoka dawa ya ORS, ambayo wengi tunaiita maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kambi za wakimbizi zilivamiwa na kipindupindu na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji hayo kwa mdomo, ndugu zao wakisaidia kuwanywesha, na vifo vikapungua sana. Maji yanayomwokoa mtoto yakawa yanaweza kutengenezwa na mama mwenyewe na kunyweshwa kwa kijiko.

Je, kila mtoto mgonjwa anahitaji dripu?

Hapana. Hili ni jambo ambalo wazazi wengi hatujaambiwa vya kutosha. Tumezoea kuamini kwamba bila dripu mtoto hajatibiwa. Wengine humwomba mtu wa mtaani amtundikie mtoto dripu nyumbani, hata kama ana homa tu. Hiyo ni hatari.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika hapa kwetu, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, wengi wao wakiwa na malaria. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Baadhi ya watoto walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa kwa haraka namna hiyo. Watu wengi walitarajia kwamba waliopewa wangepona zaidi. Ikawa kinyume chake. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka walifariki kama 10 au 11. Kwa wale wengine walifariki kama 7.

Maana yake ni kwamba maji ya mshipani ni dawa, na dawa ina kipimo, kasi na mgonjwa wake. Mtoto aliyekaushwa na kuharisha tangi lake limekauka, anahitaji kujazwa. Mtoto mwenye homa kali au damu pungufu anaweza kuwa na tatizo jingine kabisa, na maji mengi ya ghafla yanaweza kuulemea moyo na mapafu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali naye huhitaji utaratibu wake wa pekee. Wa nje wanaweza kuonekana wamelegea sawasawa, lakini tiba zao ni tofauti. Kwa hiyo mhudumu wa afya akikuambia mwanao hahitaji dripu, usifikiri amekudharau. Muulize mtoto ana nini, atumie nini, na urudi lini.

Ndama na mbuzi wako pia

Ringer alijifunza kwa moyo wa chura, na alichokipata kinafaa kwa viumbe wengi. Ndama anayeharisha hufa kwa njia ile ile: anakaushwa, damu inapungua, moyo unakosa cha kusukuma. Ndama wa kilo 40 akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, amepoteza lita 4. Utamwona macho yametumbukia, masikio na mdomo ni baridi, na ngozi ya shingo ukiifinya inarudi polepole. Akiwa bado ananyonya, hupewa maji yenye madini kwa mdomo, na maziwa yanaendelea. Akilala na kushindwa kusimama, mwite daktari wa mifugo, kwa kuwa sasa anahitaji maji ya mshipani, na mara nyingi yatakuwa yale yale ya Ringer.

Lakini usichanganye. Dawa au chupa iliyonunuliwa kwa ajili ya mnyama usimpe mtoto kamwe. Na ukimhudumia ndama anayeharisha, nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto au chakula, kwa sababu baadhi ya vijidudu vya kuharisha hutoka kwa mifugo na kuingia kwa watu.

Mtoto akianza kuharisha, fanya hivi

Mpe ORS mapema, usingoje alegee. Nawa mikono, soma maelekezo ya pakiti, kisha mimina pakiti nzima katika kiasi cha maji safi ya kunywa kilichoandikwa. Pakiti nyingi ni za lita 1, lakini nyingine ni za nusu lita. Usipunguze wala usizidishe maji, na usiongeze sukari au chumvi. Hapa kipimo ni kila kitu, kama Ringer alivyoona kwenye moyo wa chura. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga, utengeneze mengine.

Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, yaani kama robo kikombe hadi nusu kikombe. Mwenye miaka 2 na zaidi mpe mililita 100 hadi 200. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Aliyeanza kula aendelee kula. Kumnyima chakula au maziwa ili tumbo lipumzike kunamdhoofisha.

Omba vidonge vya zinki katika kituo cha afya. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya miezi 6 miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Maliza siku zote hata kama ameacha kuharisha.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona:

- hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu
- amelegea sana, haamki vizuri, au amepoteza fahamu
- ana degedege
- macho yametumbukia, au utosi wa mtoto mchanga umebonyea
- ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole
- mikono na miguu ni baridi, au hajakojoa kwa saa nyingi
- kuna damu kwenye choo
- ana homa kali au anapumua kwa shida

Kama yuko macho na anaweza kumeza, njiani endelea kumpa ORS na kumnyonyesha. Ukifika, waeleze ameharisha mara ngapi, ametapika mara ngapi, na alikojoa lini mara ya mwisho. Majibu hayo matatu yatamsaidia mhudumu kuamua haraka kama mwanao anahitaji yale maji yaliyoandikwa Ringer, au kikombe na kijiko vinatosha.